Mikono ya Mtabibu na Juhudi ya Mtoto



Katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki, siku ya kliniki ya viungo hutambulikana kwa benchi la akina mama. Kila mmoja amempakata mtoto ambaye kwa umri wake angekuwa anakimbia uani. Baadhi yao wameamka alfajiri, wamepanda magari mawili, na nauli ya safari hiyo imetoka katika fedha ya unga. Zamu ikifika, mtoto hulazwa mkekani. Miguu hunyooshwa, vidole hukunjuliwa, mgongo hukandwa, na baada ya muda mfupi mama huambiwa arudi mwezi ujao. Akifika nyumbani jirani humwuliza: wamemfanya nini mtoto? Na aghalabu mama hana jibu zaidi ya kusema kwamba wamemnyoosha.

Jibu hilo halitoshi, na kosa si la mama. Mtoto huyo ana mtindio wa ubongo, na tiba ya mikono ndiyo tiba pekee ambayo wazazi wengi wa watoto kama yeye huijua. Hapana budi basi iulizwe wazi tiba hiyo inaweza nini, haiwezi nini, na nani anayepaswa kuifanya. Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba mkono wa mtabibu hauuponyi ubongo, wala haulegezi kwa kudumu msuli uliokaza. Thamani yake ni kumwezesha mtoto atende jambo ambalo bado hawezi kulitenda peke yake, kisha kuondoka. Ikiwa hivyo ndivyo, sehemu kubwa ya tiba hii haimo hospitalini hata kidogo. Imo jikoni, imo mkekani mwa nyumbani, na imo darasani.

Jina lenyewe lahitaji kusafishwa kwanza. Watu wengi, na walimu wamo, wakisikia "mtindio wa ubongo" huelewa mtoto aliyepungukiwa akili, na hapo ndipo dhuluma ya kwanza inapoanzia. Hali hii ni kasoro ya mwendo na ya mkao wa mwili. Chanzo chake ni jeraha au hitilafu iliyoupata ubongo ulipokuwa bado unakua: kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai. Inaweza kuambatana na upungufu wa akili, lakini tafiti za kimataifa zinaonyesha kwamba takriban nusu ya watoto hawa hawana upungufu huo. Mmoja kati ya watatu hawezi kutembea, mmoja kati ya wanne hawezi kusema, mmoja kati ya wanne ana kifafa. Mtoto anayedondokwa na mate, ambaye uso wake hujikunja anapojaribu kucheka, anaweza kuwa anafuata kila neno linalosemwa juu yake chumbani. Yafaa watu wazima wakumbuke hilo kabla ya kuropoka mbele yake.

Wala si watoto wachache. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, na kutangazwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba watoto 2.9 katika kila 1,000 wana hali hii. Takriban robo yao waliipata baada ya kupita siku za uchanga, kwa maradhi yanayoushambulia ubongo, malaria ikiwamo. Wengine ni wale waliochelewa kulia walipozaliwa, wale waliozaliwa njiti, na wale ambao manjano yao hayakutibiwa kwa wakati. Uchungu wa mambo haya ni kwamba sehemu kubwa ya maradhi hayo yanazuilika, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Mtoto aliyekwisha kuumia yupo, naye anakua.

Na kukua huko ndiko kwenye matatizo. Jeraha la ubongo haliendelei, lilipotokea limetokea. Ila mwili hubadilika kila mwaka. Ubongo wenye afya hutuma amri ya kukaza na amri ya kulegeza. Ulioumia aghalabu hupoteza uwezo wa kuzuia, na misuli hukaza pasipo kuamriwa. Mapaja huvutana hata miguu ikapishana kama makasi. Visigino huinuka. Kiwiko hujikunja, na kidole gumba hujificha ndani ya ngumi. Mifupa inaporefuka, msuli uliokaza haurefuki kwa kasi ileile, na baada ya miaka kiungo kilichokuwa kigumu tu kinakuwa kimefungika. Wapo pia watoto ambao miili yao haikai imara, ikijipindapinda bila hiari, na wapo wale wanaoyumba kama walevi. Wengi zaidi ni wale wa kukakamaa.

Ni rahisi kuelewa kwa nini binadamu akiona kiungo kimekunjika hutaka kukinyoosha. Mama hufanya hivyo, bibi hufanya hivyo kwa mafuta ya nazi, na wasomi pia wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Daktari wa upasuaji William John Little wa London, aliyeieleza hali hii kwa kina katika mwaka 1861, yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utotoni, na kazi yake kubwa ilikuwa kukata kano na kunyoosha viungo. Tangu wakati huo historia ya tiba hii imekuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya watu wazima wakigombana juu ya namna bora ya kumshika mtoto.

Mgombano huo una funzo, hasa kwa habari ya Karel na Berta Bobath. Mume alikuwa daktari, mke alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Wote wawili walikuwa Wayahudi waliokimbia utawala wa Hitler wakahamia London. Katika miaka ya 1940 Bibi Bobath aligundua kwamba akimshika mgonjwa sehemu fulani, kwa mfano mabegani au nyongani, na kumweka katika mkao fulani, ule ukakamavu ulipungua chini ya mikono yake. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli na mtu yeyote anaweza kuuhakikisha. Kutokana nao ulizaliwa mfumo mzima wa tiba uliosambaa duniani, na hata leo waganga wengi wa viungo barani Afrika wamefundishwa kwa misingi yake. Matumaini yalikuwa kwamba mtoto akizoezwa mikao na miondoko iliyo sahihi chini ya mikono ya mtaalamu, mwili wake ungejifunza, na angeipeleka mafunzo hayo katika kula, kuvaa na kutembea kwake.

Haikuwa hivyo. Mtoto alilegea mkekani, akainuliwa, akakaza tena kabla hajafika mlangoni. Na Bobath wenyewe, kwa heshima ambayo si watu wengi wenye majina makubwa wanayo, waliandika baadaye kwamba walikuwa wamekosea kutazamia mafanikio ya mkekani yahamie yenyewe katika maisha ya mtoto. Waliubadili mfumo wao, wakampa mtoto nafasi kubwa zaidi ya kutenda. Kwa bahati mbaya, wanafunzi wa wanafunzi wao katika nchi nyingi waliendelea kufundisha ule wa kwanza.

Wengine hawakujisahihisha. Huko Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960 Glenn Doman na wenzake walitangaza kwamba ubongo ungeweza kupangwa upya ikiwa viungo vya mtoto vingesogezwa kwa mfano wa kutambaa. Watu wazima hata watano walimzunguka mtoto mezani, mmoja akigeuza kichwa na wengine wakisukuma mikono na miguu, mara kadhaa kwa siku, siku saba za juma. Majirani waliitwa kwa zamu. Ndugu wa mtoto walisahaulika. Mtoto asipopata nafuu, ilikuwa rahisi kusema kwamba familia haikujitahidi vya kutosha. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 1982, na tena mwaka 1999, kwamba madai hayo hayana msingi na kwamba mzigo wake kwa familia ni mzito mno. Tiba yoyote inayomgeuza mzazi kuwa mtuhumiwa kila inaposhindwa inastahili kutiliwa shaka, iwe imetoka Philadelphia au kwa mganga wa mtaa wa pili.

Swali la kunyoosha limekwisha kupimwa kwa uangalifu. Mwaka 2017 wanasayansi wakiongozwa na Lisa Harvey wa Australia walikusanya majaribio 49 yaliyohusisha watu 2,135, watoto na watu wazima, ambao viungo vyao vilinyooshwa kwa mikono, kwa magango au kwa plasta ili visifungike. Kwa wenye maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu jibu lilikuwa wazi: kunyoosha kwa muda usiozidi miezi saba hakukuleta tofauti yenye maana katika wepesi wa viungo. Hiyo haina maana kwamba mtoto aachwe akae amejikunja mchana kutwa. Mkao wa saa nyingi, magango yaliyotengenezwa vizuri na mfululizo wa plasta kwa kifundo cha mguu vina mahali pake. Lakini dakika kumi za kuvuta mguu, mara moja kwa mwezi, huku mtoto akilia na mama akitazama ukuta, haziwezi kutetewa tena kwa jina la sayansi. Isitoshe, mtoto asiyesimama mifupa yake huwa dhaifu, na mkono wenye nguvu na haraka umewahi kuvunja paja la mtoto katika nchi zaidi ya moja.

Kukanda kwa upole ni jambo jingine. Mtoto akikandwa kwa mafuta hulala vizuri, hutulia, na humzoea amkandaye. Pengine choo kigumu hulegea. Hayo ni mema ya kutosha, na bibi asikatazwe. Asiahidiwe tu kwamba mjukuu atatembea kwa sababu hiyo.

Ni nini basi kinachofaa? Mwaka 2020 Iona Novak na wenzake, nao wa Australia, walipitia tafiti zilizokuwapo na kuzipanga tiba kwa mfano wa taa za barabarani. Ule mfumo wa zamani wa kumshikashika mtoto aliyetulia ulikuta taa nyekundu. Taa ya kijani iliwaka kwa mazoezi ambayo mtoto mwenyewe hutenda tendo halisi, alilolichagua au linalomhusu, akalirudia mara nyingi mahali anapoishi, mtu mzima akilipunguza ugumu wake hata liwezekane. Kwa lugha nyepesi, anayetaka kujifunza kushika kikombe ashike kikombe. Ubongo hubadilika kwa kazi unayoifanya wenyewe. Kazi unayofanyiwa haiubadilishi sana. Mwalimu yeyote aliyekwisha kumwona mwanafunzi akinakili majibu ya mwenzake analijua jambo hili bila kusomea udaktari.

Hapo ndipo mkono unapopata kazi yake halali. Mchukulie mtoto wa miaka mitatu aliyekaa kwenye kigoda, mbele yake kikombe cha uji. Akinyoosha mkono, mwili mzima hukaza: kichwa huanguka nyuma, nyonga huteleza mbele, naye huporomoka. Mtaalamu mbovu atamlaza amnyooshe mkono. Mtaalamu mzuri atapiga magoti nyuma yake, atashika nyonga zake kwa viganja viwili, azielekeze mbele na chini hata makalio yakae imara na nyayo ziguse sakafu. Kisha atanyamaza na kungoja. Kungoja huko ni kugumu kuliko kukanda. Mtoto atajaribu, atakosa, atamwaga. Atajaribu tena. Kesho viganja vitashika kwa wepesi zaidi. Juma lijalo kiganja kimoja. Na siku moja kitambaa kilichofungwa nyongani na kibao cha kuegemeza nyayo vitatosha, na yule mtaalamu atakuwa anatazama tu. Mkono wa aina hiyo hupimwa kwa jinsi unavyozidi kutohitajika.

Kwa mtoto aliyelemaa upande mmoja upo ufundi mwingine. Edward Taub wa Marekani, katika uchunguzi wake juu ya kima, aliona kwamba mnyama aliyekatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja huacha kabisa kuutumia, ingawa bado unaweza kusogea. Mkono mzima ukizuiwa, ule mbovu hurudi kazini. Kutokana na hayo watoto huvishwa soksi au glovu katika mkono wenye nguvu kwa saa kadhaa za siku, kwa majuma machache, huku mkono dhaifu ukipewa michezo na kazi. Taa yake ni ya kijani. Lakini mwalimu asiende kesho kumfunga mtoto mkono darasani! Ni mpango wa muda, wenye msimamizi na ridhaa ya mzazi, na shule zimekwisha kuwatesa vya kutosha watoto wa mkono wa kushoto.

Mbele ya haya yote kuna saa inayokimbia. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, waliwapanga watoto wenye mtindio wa ubongo katika ngazi tano, kuanzia yule atembeaye bila msaada hadi yule asiyeweza hata kukiinua kichwa chake vizuri. Miaka mitano baadaye, walipowafuatilia watoto wengi wa Ontario, waliona kwamba mtoto wa ngazi ya kwanza hufikia asilimia 90 ya uwezo wake wa mwendo akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Yule wa ngazi ya tano hufikia hapo kabla hajatimiza miaka mitatu. Mtoto anayeambiwa asubiri "atachangamka tu," na ambaye huletwa kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, amekwisha kupoteza miaka ambayo ubongo wake ulikuwa tayari zaidi kufundishika. Wahudumu wa zahanati za kliniki ya watoto wanaopima uzito kila mwezi ndio wenye nafasi ya kwanza ya kuliona hili: mtoto ambaye kwa miezi minne shingo haijakaza, ambaye ngumi hazifunguki, au ambaye ana mkono anaoupendelea kabla ya kutimiza mwaka mmoja, asirudishwe nyumbani kwa maneno ya faraja.

Kupanga watoto kwa ngazi kuna faida nyingine: humzuia mtabibu asiahidi asichoweza kukitoa. Mtoto wa ngazi ya tano hatatembea, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo kwa upole na mapema. Baada ya hapo nguvu za familia huelekezwa kwenye mambo yanayowezekana, kama kukaa, kula bila kupaliwa, kusema kwa macho au kwa picha, kutoumwa. Kuhusu kutoumwa, mikono pekee hudanganya. Nyonga za watoto hawa huhama kutoka mahali pake taratibu, bila kelele. Takriban watoto 35 katika 100 hupatwa, na katika ngazi ya tano ni 90 katika 100. Kusini mwa Sweden, tangu mwaka 1994, kila mtoto mwenye hali hii hupigwa picha ya eksirei ya nyonga kwa ratiba, na nyonga kuchomoka kabisa kumekuwa jambo la nadra. Eksirei zipo katika hospitali nyingi za wilaya. Kinachokosekana aghalabu ni mtu wa kuandika tarehe ya picha ijayo.

Ipo hadithi ya kweli inayopaswa kusomwa na kila mtabibu wa viungo. Christy Brown alizaliwa Dublin mwaka 1932, katika nyumba ya kimaskini yenye watoto wengi, na madaktari walimwona hafundishiki. Mguu wake wa kushoto ndio pekee uliomtii. Siku moja alinyakua chaki kwa vidole vya mguu huo, na mama yake, ambaye hakuwa na elimu ya pekee, akaanza kumfundisha herufi sakafuni. Alipokuwa kijana alipata tiba iliyokuwa bora kwa wakati wake. Sharti lake lilikuwa kwamba aache kuutumia mguu wa kushoto, ili viungo vingine vipate kuamka. Alitii kwa muda. Kisha akarudi kwenye mguu wake, akaandika kwa mguu huo, na vitabu vyake vikasomwa ulimwenguni. Tiba ile ilimsaidia kwa mambo kadhaa, naye alikiri hivyo. Lakini ilitaka kumnyang'anya chombo kimoja alichokuwa nacho kwa ajili ya umbo la mwili lililompendeza mtazamaji. Mtoto anayetambaa kwa makalio hadi mlangoni amefika mlangoni.

Nyumbani kuna saa kumi na mbili za mchana, na kila siku zina tiba ndani yake kama mzazi amefundishwa. Mila ya kubeba mtoto imetangulia vitabu vya Ulaya. Mtoto ambaye miguu yake hupishana kama makasi hubebwa vema ubavuni au mgongoni kwa mbeleko, mapaja yakiwa yametanuliwa kiunoni mwa mama. Kumbeba mikononi amenyooka kama gogo huzidisha ukakamavu. Shati livishwe kwanza mkono mgumu, na uvuliwe mwisho. Miguu ikikataa kukunjika, mama akunje nyonga kwanza, na goti hufuata. Uji usimiminwe mdomoni mwa mtoto aliyelazwa chali. Akae, kichwa kielekee mbele kidogo, mlishaji awe mbele yake, kijiko kije kwa usawa wa kinywa. Jambo hili la mwisho ni la kufa na kupona. Chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia, na mtoto anayechukua saa nzima kumaliza nusu bakuli hudhoofika. Watafiti wa Iganga na Mayuge walipofuatilia watoto wao, katika taarifa ya mwaka 2020, walikuta kwamba watoto wenye mtindio wa ubongo walikufa kwa kiwango kilichozidi mara 25 kile cha watoto wenzao wa umri huo, hasa wale wenye ulemavu mkali na utapiamlo. Hakuna mbinu ya kunyoosha kiungo itakayopunguza idadi hiyo kama kijiko kilichoshikwa vizuri.

Darasani, mwalimu hahitaji kuwa mganga. Anahitaji kiti. Mtoto anayeteleza kitini hutumia nguvu zake zote kupigana na kuanguka, na hazibaki za kusikiliza. Makalio yafike nyuma kabisa, magoti yakunjike, nyayo zikanyage kitu kigumu, meza iwe karibu na kifua ili viwiko viegemee. Nchini Zimbabwe Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza viti vya namna hiyo kwa makaratasi na maboksi yaliyotupwa, yakagandishwa kwa gundi ya unga tabaka juu ya tabaka hata yakawa magumu kama mbao. Ufundi huo umesambaa katika nchi kadhaa za Afrika. Karatasi za mitihani ya mwaka jana zipo katika kila stoo ya shule. Kwa magango na viatu maalumu, Tanzania ina chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, na ambacho kimefundisha mafundi wa nchi nyingi za bara hili. Ujuzi haukosekani, mara nyingi kinachokosekana ni barua ya rufaa iliyoandikwa na mtu anayejua kwamba mafundi hao wapo.

Mwalimu pia anahitaji subira ya kungoja, ileile ya mtaalamu nyuma ya kigoda. Mtoto aliyeulizwa swali anaweza kuhitaji nusu dakika kuupanga mdomo wake. Darasa la watoto themanini haliipendi nusu dakika hiyo. Lakini aibu ya kuamuliwa mjinga kabla ya kujibu ndiyo inayowaondoa watoto hawa shuleni, kuliko ngazi na matope ya njiani.

Kwa upande wa ofisi, maneno machache. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 imeandika haki ya matibabu, ya utengemao na ya elimu. Sheria haina miguu. Huendeshwa na wapanga bajeti na waandika ratiba. Idara ya viungo ikipimwa kwa idadi ya watoto waliopita mkekani, mtaalamu atawapitisha mkekani, dakika kumi kila mmoja, na takwimu zitapendeza. Ikipimwa kwa idadi ya wazazi waliofundishwa, ataketi nao kwenye kikundi. Njia hiyo ipo. Mafunzo ya vikundi vya wazazi yaliyoanzia kwa chama cha mtindio wa ubongo cha Eastern Cape, Afrika Kusini, yaliendelezwa na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine baada ya kujaribiwa Bangladesh, nayo yamekwisha kutumika katika nchi nyingi maskini. Wazazi kumi huketi pamoja, hujifunza kulisha, kubeba, kuketisha na kucheza. Na baba wawili watatu wakija, mambo hubadilika nyumbani upesi zaidi, kwa maana mama huwa hatupiwi tena lawama za ukoo peke yake. Gharama yake ni mkeka, chumba, na siku moja ya mtaalamu kutoka nje ya hospitali. Siku hiyo lazima iandikwe katika ratiba yake na nauli yake iwe katika kifungu, la sivyo itamezwa na foleni.

Na katika kadi ya kliniki, mahali palipo na uzito, chanjo na tarehe ya kurudi, ingefaa paongezwe mstari mmoja ambapo mzazi ataandikiwa anachotaka mtoto wake aweze kukifanya kabla ya kurudi. Wataalamu wanaouliza swali hilo husema kwamba akina mama hawaombi miujiza. Mmoja hutaka mtoto akae peke yake kwa muda wa kusonga ugali. Mwingine hutaka aweze kuashiria anapotaka kwenda haja, kwa sababu ana miaka saba na amekuwa mzito kubebeka. Mwingine hutaka ashike kijiko, hata akimwaga nusu. Juu ya mstari huo ndipo tiba ya mwezi huo ipangwe.